Meseji za matangazo ya shule: hii huduma imefika mpaka kwenye kiswaswadu cha bibi

Nilisema nisiiongelee kwanza mpaka niione kazi yake, sasa toka Januari mpaka leo nimeiona. Shule ya msingi anayosoma binti yangu huku Manzese, Dar, yuko la nne, imehamisha matangazo yote ya wazazi kwenye meseji za kawaida, yaani meseji ile ile inayoingia kwenye simu yoyote hata kama huna bando.

Zamani ilikuwa grupu la WhatsApp. Lilianza 2020 kipindi cha corona, kaka yake ndo alikuwa anasoma pale, shule zikafungwa Machi 17 mpaka Juni 29 na walimu wakawa wanatuma kazi humo, kwa wakati ule lilisaidia sana sikatai. Ila baadae likawa gulio. Unaamka unakuta meseji mia na kitu, amina, amina, mtu anauza vitenge, mwingine anauliza kazi ya hesabu ya juzi, na hapo katikati mwalimu kaandika kesho watoto wanatoka saa tano walimu wana kikao.

Hiyo ilinipita. Mi niko dukani Kariakoo, bando limekata, na anayemfata mtoto ni mama mkwe ambaye simu yake kiswaswadu, ya batani, haina WhatsApp. Mtoto kakaa getini toka saa tano mpaka saa tisa, mlinzi ndo kamnunulia maandazi mawili, Mungu ambariki yule baba. Jioni ananiambia "mama nilijua mmenisahau". Sikulala siku ile.

Sasa hivi meseji inakuja na jina la shule juu, na kila mtoto anaandikiwa namba mbili, ya kwangu na ya bibi yake. Moja ninayo hapa: "Std 4: Ijumaa kutoka saa 6 mchana. Mfuate mtoto mapema. Mwl wa darasa." Basi, siku, saa, ufanye nini. Nadhani kinachowasaidia ni kwamba meseji moja ni herufi 160, ukizidisha unalipia mbili, kwahiyo hakuna mtu wa kukuandikia risala. Masika ilivyochanganya na Jangwani maji yakajaa, nilikuwa nimekwama upande wa mjini, magari hayapiti, meseji ikaja kwamba watoto wabaki madarasani mpaka wafatwe, na mama mkwe alikuwa ameshaisoma na miwani yake kabla hata sijampigia.

Kasoro zipo. Huwezi kujibu, ukiwa na swali inabidi upige au uende ofisini. Ukibadilisha laini bila kuwaambia ndo umepotea. Alafu kuna siku imeingia saa tatu usiku eti kesho aje na karatasi ya manila, jamani saa tatu usiku duka la vifaa vya shule nalipata wapi? Hilo wajirekebishe.

Kubwa kuliko yote ni za michango. Ada kwenye shule za msingi za serikali ilishafutwa zamani, tunajua, na chakula cha watoto hatukatai maana tulikaa kikao tukakubaliana, lakini meseji inasema tu "leta mchango wa chakula kabla ya Jumatatu" bila kutaja ni ule wa kikao au mwingine, na mzazi ambae hana anabaki anaogopa mtoto atarudishwa nyumbani. Waandike wazi ni wa nini, nani kaupitisha, na usipokuwa nao leo mtoto anaingia darasani kama kawaida.

Nawapa 8 kati ya 10. Mwisho wa mwaka huyu wangu ana upimaji wa taifa wa la nne, nategemea tarehe na vifaa tutaletewa mapema sio usiku wa kuamkia mtihani.

Kama shule ya mwanao nayo inaanza, siku ya kuandikisha usitoe namba yako na ya baba yake mkaona imetosha. Toa ya yule anayemfata getini.