Komisheni asilimia 12 kwenye tangazo, 38 kwenye wolleti: mapitio ya apu ninayouzia dagaa

Naanza na hesabu moja kwa moja maana ndo kitu mnachoniulizaga sana inboksi. Pakiti yangu ya dagaa wa kukaanga nusu kilo naiuza 10,000. Mteja yuko Dar, apu ikampigia usafiri 6,000, akalipa jumla 16,000. Ukishaitoa ile 6,000 ya msafirishaji, kwenye wolleti yangu ya muuzaji imeingia 6,177. Yani kwenye elfu 10 yangu imeondoka 3,823 na ukurasa wa kujiunga umeandika kwa herufi kubwa, komisheni asilimia 12 tu.

Jina la apu nalihifadhi, wanaouza humo wataijua tu kwa makato.

Sasa hiyo 3,823 imetoka wapi. Asilimia 12 haikatwi kwenye elfu 10 ya dagaa, inakatwa kwenye 16,000 yote na nauli ndani yake, hapo 1,920. Af kuna ada ya kuchakata malipo asilimia 2, nayo kwenye 16,000 ileile, 320. Af kuna ada ya kuhudumia oda, 1,000 flati, uuze pini au uuze friji ni buku. Jumla 3,240. Juu ya hizo ada wanaweka VAT asilimia 18, ambayo ni 583, na hiyo VAT mfanyabiashara mdogo hana pa kuidai kwa sababu hajasajiliwa VAT, kizingiti kikiwa mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, nani anakaanga dagaa wa milioni 200 jamani. Kwahiyo hakuna aliyedanganya, kila kitu kimeandikwa, ila kimeandikwa sehemu nne tofauti na lile la asilimia 12 ndo limepewa rangi ya chungwa.

Nilimpigia dada wa huduma kwa wateja. Nikamwambia dada yangu hii elfu 6 sio yangu, ni ya basi, mbona mnaikatia komisheni? Akajibu kwa upole kabisa, "Ndiyo mpendwa, lakini mfumo unakata kwenye jumla anayolipa mteja." Nikamuuliza kwa nini, akasema ndo utaratibu.

Sababu ipo ila yeye hakupewa. Masoko makubwa ya mtandaoni ya nje nayo yanakata hadi kwenye nauli. eBay walianza hivyo Marekani mwaka 2011, Etsy wakafuata 2018, kwa sababu kuna wauzaji walikuwa wanaandika bidhaa dola 1 usafirishaji dola 40 ili komisheni ikatwe kwenye dola 1. Sasa ujanja wa wale tunaulipa na sisi wa Kirumba, Mwanza. Etsy kwa leo wanachukua asilimia 6.5 ya bei pamoja na nauli (ilikuwa 5, wakapandisha Aprili 2022), plasi senti 20 za dola kila unapoweka bidhaa, inadumu miezi 4 na ikiuzika unalipia tena, plasi ada ya malipo. Na tangazo lao la nje ya tovuti likikuletea mteja wanachukua asilimia 15 nyingine, ukiwa mdogo unaweza kulizima, ukishafikisha mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka inashuka 12 ila kulizima huruhusiwi tena. Amazon bidhaa nyingi ni asilimia 15, na hapo bado kuna dola 0.99 kwa kila kitu ukiuza kama mtu binafsi au dola 39.99 kwa mwezi ukichukua akaunti kubwa, kwahiyo ukiwa unauza zaidi ya vitu 40 kwa mwezi hiyo kubwa ndo inakulipa. Nasema haya ili mtu asije akadhani hii ya kwetu ndo imevumbua makato. Hapana, asilimia yao ni ya kawaida kabisa, na ukifikiria kodi ya fremu pale mjini sijui na hela ya mlinzi, 12 sio wizi.

Kinachoniua mimi ni ile buku.

Angalia, katoni yangu ya pakiti sita naiuza 60,000, usafiri 10,000, jumla 70,000. Komisheni 8,400, malipo 1,400, buku ileile, VAT 1,944, jumla wamekata 12,744. Hiyo ni kama asilimia 21 ya bei yangu. Dagaa ni walewale, apu ileile, mkoa uleule, pakiti moja inakatwa 38 na katoni inakatwa 21. Ada ya flati pamoja na nauli vinamla anayeuza vitu vya bei ndogo, ndo maana humo ndani simu na sabufa zinashamiri na mtu wa pilipili ya kusaga au heleni anakaa miezi miwili anapotea. Na msiseme ongeza bei, nimeshapiga. Ukiongeza asilimia 38 ukauza 13,800 hubaki na elfu 10, unabaki na kama 9,350, kwa sababu na kile ulichoongeza nacho kinakatwa. Ili elfu 10 ikae mkononi lazima uandike kama 14,600, na hapo mteja anaongeza 6,000 ya usafiri, 20,600 kwa nusu kilo ya dagaa, atakuuliza kama wamekaangwa kwa mafuta ya gari la serikali.

Jambo lingine ambalo hata halihesabiwi kama ada ila ni ada: bei ukitaka kuibadilisha lazima iidhinishwe, na wanachukua siku mbili, wikiendi zaidi. Anayenunua Mwaloni, soko letu la samaki na dagaa, anajua bei ya dagaa haikai. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inarudi mitupu na ndoo inapanda asubuhi hiyohiyo, yule mama anakutajia bei huku anaangalia pembeni, unaelewa hana mjadala. Sasa mimi nimenunua bei ya mbalamwezi, apu inauza bei ya giza hadi Jumatatu. Ukisitisha bidhaa ili isiuzwe, alama zako za duka zinashuka, zikishuka unasukumwa chini kwenye utafutaji, ukisukumwa chini wanakutumia meseji ya kukushauri ulipie matangazo. Nilicheka.

Hela nayo inakaa siku saba baada ya mteja kupokea ndo unaweza kuitoa kwenda M-Pesa, na wakala wa kutolea naye anakata chake. Kwa anayeuza nguo labda poa, mi Mwaloni nalipa keshi asubuhi, hakuna mama pale atakayenisubiri siku saba eti mteja athibitishe. Mzigo ukikataliwa ndo balaa: komisheni wanarudisha, ile buku hairudi, na nauli ya kurudi ni juu yako. Hata Amazon ukimrudishia mteja hela wanabakiza sehemu ya komisheni, hadi asilimia 20 yake isiyozidi dola 5, ila mzigo wao haujatoka stendi ya Nyegezi ukalala njiani na kurudi umenuka, nani atakula hao.

Mazuri yapo na nitayasema. Stetimenti yao ni safi kuliko nilivyotegemea, kila oda inaonyesha shilingi kwa shilingi nini kimekatwa, hizo hesabu zangu zote hapo juu nimezitoa humo, unapakua faili unalifungua kwenye simu. Malipo yakifika siku ya saba yanafika kweli. Na wateja wa Dodoma na Mbeya wasingenijua kwa status zangu za WhatsApp, hilo siwezi kulikataa. Ndo maana sijafuta akaunti.

Njia mbadala: tangazo kwenye Jiji, ile tovuti ya matangazo, halina komisheni, unaweka bure na ukitaka kusukumwa juu ndo unalipia, ila malipo na kutuma ni wewe na mteja wako mjuane, na maswali ya "mwisho bei gani" utayajibu hadi uote. Instagram na WhatsApp ni hivyohivyo, hela inaingia lipa namba, mzigo unampelekea konda, unatuma picha ya risiti ya basi, kazi imeisha, ila mteja mgeni anaogopa kutuma hela kwanza na ana haki ya kuogopa. Tulishawahi kuwa na soko la mtandaoni la Jumia hapa, wakafunga Tanzania Novemba 2019, toka hapo wengi wetu tumejifunzia kwenye status.

Mi nilichofanya nimetoa pakiti moja moja zote kwenye apu, nimebakiza katoni ya sita na ya kumi na mbili basi. Pakiti moja ukitaka nitafute WhatsApp, na kama uko Mwanza mjini boda anakuletea, usipitie apu kuchukua dagaa waliokaangwa Kirumba wakati wewe uko Igoma.

Nyota mbili na nusu kati ya tano. Mbili za stetimenti na wateja wa mikoani, nusu ya yule dada maana alivumilia sana maswali yangu. Wakiondoa nauli kwenye hesabu ya komisheni naongeza moja siku hiyohiyo, na wakiifanya ile buku iwe asilimia kwa oda za chini ya elfu 20 narudisha pakiti zote.