TV umeisimamisha, video bado imelala: ununue mashine gani

Nimefunga skrini za kusimama, yaani TV iliyogeuzwa wima ya kuonyesha matangazo, kwa kinyozi, hoteli na duka la simu hapa Kisumu na swali ni lile lile, ninunue boksi gani la kuchezesha video. Ngoja kwanza. Shida kubwa iko kwa faili. Chip nyingi za kufungua video zimetengenezewa video iliyolala, upana 1920 kwa urefu 1080, sasa ukizipea iliyosimama, 1080 kwa 1920, zingine zinakataa, zingine zinakwamakwama ama zinaiweka katikati na weusi pande mbili. Ya simu ndio usiseme, simu huandika tu alama ndani ya faili kwamba igeuzwe, na mashine haisomi. Kwa hivyo geuza picha yenyewe na FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video: ukisimama mbele ya TV, kama juu yake imeenda kulia weka transpose=2, kama imeenda kushoto transpose=1. Kwa laptop itaonekana imelala, usishtuke.

Baada ya hapo namba 1 kwangu ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Video ya 1080p ya H.264, ule mfumo wa kubana video unaotumika sana, inacheza bila jasho, na stima ikirudi inajiwasha yenyewe, ukiipanga ianze na video hakuna mtu anagusa kitu, na wewe unajua vile stima ya hapa mtaani Kondele hupotea. Nunua pawa yake ya 5V 3A, wachana na chaja ya simu. Pi 5 ina nguvu zaidi lakini dekoda ya H.264, ile chip ya kufungua video, walitoa, prosesa ndio inabeba hiyo kazi, sasa uongeze pesa ya nini?

Namba 2, flash kwa TV yenyewe. Bei ni ya flash tu, lakini kwa nyingi video ikiisha skrini inakuwa nyeusi kidogo kabla irudie, na stima ikipotea TV inawaka kwa menyu halafu mwenye duka anakupigia simu saa moja asubuhi.

Namba 3 ni BrightSign, mashine safi ya kazi hii hii, ila kwa kinyozi mwenye skrini moja bei haiingii akilini. Ukipata ya mtumba uliza kama inageuza video, modeli za zamani hazigeuzi.

Mwisho kabisa, boksi la Android lisilo na jina. Langu lilikuwa na setingi ya kugeuza, menyu ikasimama vizuri, video ikabaki imelala.

Na kabla utoboe ukuta, soma kitabu cha TV kama inaruhusiwa kusimama, matundu ya hewa ya TV za nyumbani yamepangiwa kulala.