Kirikuu kwa kazi ya kuosha na presha, ukweli wangu baada ya mwaka na nusu

Vijana wengi wananiuliza kuhusu hii kazi ya kuwafuata watu majumbani kuwaoshea magari, pevingi (yale matofali ya kutandika uani) na kuta kwa mashine ya maji ya presha, na swali ni lile lile, kaka nichukue usafiri gani, kirikuu (pikapu ndogo ya Kijapani), toyo (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) au nichongeshe tela, mi kila siku najibu nusu nusu kwenye simu huku mashine inanguruma, leo naandika yote nimalize. Nafanyia kazi Dar, zaidi upande wa Goba, Makongo na Mbezi, nilianza na toyo na sasa ni mwaka na nusu niko na Suzuki Carry ya bodi.

Kabla hujaangalia gari piga hesabu ya maji. Lita moja ni kilo moja, hamna maji mepesi. Mi nilifanya kinyume, nilinunua tanki kwanza, la lita 1000, nikaenda nalo kupima kwenye bodi likakaa vizuri kabisa, bodi ya kirikuu ina urefu kama mita 1.9 na upana mita 1.4 kwa hiyo nafasi ipo tena inabaki, nikajiona mjanja nimeua. Siku ya kwanza nikajaza mpaka juu nikapanda nao kilima cha Goba. Aisee. Sipringi za nyuma zimelala chali, mbele gari imekuwa nyepesi usukani unakata huku gari inafikiria kwanza, klachi inanuka, nyuma yangu daladala inapiga honi kama nimemwibia mtu. Nilisimama pembeni nikafungua koki nikamwaga maji kwenye mtaro, maji niliyoyalipia, watu wanapita wananiangalia.

Na kwenye mlango wa nyuma wa bodi yangu kuna stika imetoka nayo Japani, herufi za kijapani halafu 350kg, nilikuwa naiona kila siku nikidhani ni mapambo. Kumbe hizi gari zote za namna hii za cc 660, iwe Carry, Hijet au Minicab, kwao zimepewa mwisho kilo 350 za mzigo. Sasa toa mashine ya petroli na fremu yake, mipira, sabuni, ndoo na brashi, hapo kilo 80 zimeondoka, unabaki na kama lita 270 za maji. Najua watu wanabebesha kirikuu tofali na mchanga kupita hapo na zinaenda, lakini huyo anabeba mara moja anashusha, we maji unazunguka nayo siku nzima, na tena maji yanacheza. Tanki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, ukikanyaga breki yote yanakimbilia mbele yanakusukuma, ukikata kona yanakwenda upande. Saa hizi nina tanki la lita 250, nimelifunga kwa mikanda miwili likabana nyuma ya kebini, sio mwishoni kwenye mlango, uzito ukikaa nyuma ya tairi za nyuma ndo unapata ule usukani mwepesi niliousema.

Sasa mtu atasema lita 250 si kidogo hizo. Mashine yangu inakula kama lita 8 kwa dakika, kwa hiyo ukibana mfululizo bila kuachia unapata nusu saa hivi, na gari ndogo moja mi naimaliza kwa lita 50, so ni magari manne matano bila kumwomba mtu maji. Pevingi ndo haiwezekani, pale lazima uungane na bomba la mwenye nyumba, ila hata hapo tanki lina kazi yake. Bomba nyingi za majumbani zinatoa lita 5 au 6 kwa dakika, ukiunga mashine moja kwa moja inakosa maji inaanza kukohoa, inavuta hewa, na pampu ikivuta hewa ndo inakufa hivyo. We bomba lijaze tanki, mashine ivute kwenye tanki, unapungukiwa lita 2 au 3 tu kila dakika, na 250 yako inakupeleka zaidi ya saa nzima. Hapo mpira wa kuvutia uwe mnene, robo tatu inchi au inchi moja, mfupi, na chujio, usiweke ule wa nusu inchi wa kumwagilia bustani. Na usiache mashine inaunguruma umeachia kibanio cha bunduki ya maji unaongea na mteja, maji yanazunguka humo humo kwenye pampu yanachemka, sili zinaisha. Dogo wangu wa kwanza, msaidizi wa kazi, alinifundisha hilo kwa hela zangu.

Haya, gari yenyewe. Yangu ni modeli ya DA63T, toleo lililoanza 2002, injini K6A ya cheni ya taimingi. Zile za zamani zenye injini ya F6A ni za mkanda wa taimingi, bei yake iko chini na mafundi wanazijua, ila ukinunua badilisha mkanda hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake kwamba ni mpya. Spea zipo kila kona na bei sio ya kuumiza. Mafuta na mzigo wangu napata kilomita 12 mpaka 13 kwa lita, nikiwa mtupu zaidi. Mbao za bodi zinashuka pande zote tatu, na hili watu hawalisemi, kwa kazi yetu ni dhahabu, unafika unashusha upande mmoja mashine iko usawa wa kiuno, unavuta mpira, unafanya kazi, hushushi kitu chini. Geti jembamba la Makongo inapita, mita moja na nusu tu upana.

Mabaya sasa. Injini iko chini ya kiti, saa nane mchana makalio yanaiva, na ukitaka kucheki kitu unainua viti barabarani watu wanakutazama. Mrefu kama mimi magoti yanagusa dashibodi. Na kutu, jamani kutu. Maji yenye sabuni yanashuka kwenye bodi kila siku, miezi sita ya kwanza sikujali nikaja kuona bati limeanza kutoboka kwenye kona, nikachomelea, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikatoboa vitundu vya kutolea maji na kutandika mpira mzito. Fanya hivyo siku ya kwanza. Tairi pia, zinatakiwa 145R12 za mzigo, zile ngumu zilizoandikwa 6PR, kuna watu watakuuzia za gari ndogo kwa sababu zinaingia kwenye rimu, zitavimba pembeni.

Toyo sitaisema vibaya, ndo iliyoninunulia kirikuu. Inaingia uchochoro wowote, mafuta kidogo, bei chini sana. Ila na maji nyuma ukipanda kilima tairi la mbele linataka kuruka, na kwenye kona ukizubaa inalala. Mvua ikinyesha umelowa wewe. Halafu kuna hili la aibu aibu, nikifika geti la nyumba kubwa na toyo mlinzi ananiambia takataka zilishachukuliwa jana.

Tela anatumia rafiki yangu, anavuta na Toyota Noah, gari lake la familia. Uzuri wake analichomoa jioni gari inaenda kanisani na familia. Alichonga kwa fundi mmoja wa mageti, fundi akaweka tanki nyuma ya ekseli ili mbele pawe na nafasi ya mashine, ikawa mwendo wa 60 tu tela linaanza kutikisa mkia mpaka Noah nayo inayumba. Walisogeza tanki mbele kidogo ya ekseli, tela likalalia kiasi kwenye ndoano ya kuvutia, likatulia. Kama huwezi kurudi rivasi na tela usijidanganye, nyumba nyingi za huku njia inaishia ukutani.

Ukiwa na kazi za maghorofa au yadi za malori achana na vyote hivi, tafuta Toyota Town Ace ya bodi, inabeba kilo 750 mpaka 800, au lori la Canter kabisa. Mi bado sijafika huko. Kirikuu naipa nane kwa kumi, mbili nimekata za kutu na makalio.

Lile tanki la 1000 liko nyumbani nyuma ya jiko. Mama watoto amelipenda kuliko gari, maji yakikatika nusu ya mtaa wanapanga ndoo kwetu, na amenikataza kabisa kuliuza.