TAHADHARI: "Bomba la kuua mvumo" la saizi moja kwa magari yote

Wenye Impreza WRX, Forester XT na gari nyingine za turbo zilizofungwa ekzosi ya inchi 3, kaeni macho. Kuna wauzaji wanatangaza kipisi cha bomba kilichozibwa upande mmoja, sentimita 50 hivi, eti ukikichomelea ubavuni mwa ekzosi ya gari lolote mvumo (ile sauti nzito ya ekzosi inayojaa ndani ya gari) unakwisha siku hiyohiyo. Ubaya ni kwamba bomba la namna hiyo lipo na linafanya kazi kweli. Sauti huingia, hugonga kizibo, hurudi ikiwa kinyume na ile inayokuja, zikauana. Lakini linafanya hivyo kwa urefu wake tu.

Hesabu ni hii. Injini ya silinda 4 hulipua mara mbili kila mzunguko. Mvumo ukiwa kwenye rpm 3,000 (mizunguko ya injini kwa dakika), gawa kwa 60, zidisha kwa 2: hezi 100. Ndani ya moshi wa nyuzi 200 hivi, sauti husafiri takriban mita 436 kwa sekunde, na robo ya wimbi, ambayo ndiyo urefu unaotakiwa wa bomba, ni mita 1.09. Kile kipisi cha sentimita 50 kinapunguza sauti ya rpm 6,500. Nani anasafiri Dodoma kwa rpm 6,500? Wapo pia wanaoijua fomula lakini wanaweka 343, kasi ya sauti kwenye hewa ya kawaida, wanakata sentimita 86, na mvumo unabaki palepale.

Kwa hiyo soma geji ya rpm mvumo unapokuwa mkali zaidi kabla hujanunua chochote. Kizibo kifungwe kwanza kwa klempu, gari liendeshwe mpaka lipate moto, ndipo kichomelewe. Kwa bomba la mita 1.09, kila sentimita 5 za urefu huhamisha rpm inayotulizwa kwa kama 130. Bomba likae mbali na mdomo wa ekzosi, maana pale mgandamizo wa sauti ni mdogo na halitasaidia kitu.

Kuna fundi anayetoboa ekzosi tundu la kidole tu kisha anachomelea bomba juu yake. Ukichungulia chini ya gari unaona kazi safi. Tundu liwe na kipenyo sawa na cha bomba la pembeni. Mdai kile kiduara cha chuma alichokikata.

Resoneta (makopo ya kupunguza sauti yanayofungwa kwenye ekzosi) nazo zinauzwa magamba matupu. Mulika tochi ndani: uone bomba lenye matundu madogo kuzunguka pande zote, na nyuma ya matundu sufi. Ukiona chuma kitupu, rudisha. Ikiitwa "stenlesi 304", weka sumaku kwenye sehemu iliyonyooka. Ikinata kwa nguvu, si 304. Huenda ni stenlesi 409, ambayo si mbovu, ila bei yake ni ya chini.

Kubwa kuliko yote ni ofa ya "kufunga bure, tuachie bomba la zamani". Bomba hilo la ekzosi lina masega (kifaa cha kusafisha moshi), na ndani ya masega kuna platinamu, paladi na rodi. Hayo ndiyo malipo yake, tena huenda yakazidi bei ya kazi nzima. Gari likibaki bila masega, mvumo unazidi, na anakuuzia kipisi cha pili. Bomba la zamani lipakie kwenye buti mwenyewe, kabla hujatoa hela.