Usukani ulitetemeka miezi miwili, kumbe ni wili balansi

Kila mwisho wa mwezi natoka Dar kwenda Morogoro kumwona mama, na kwa miezi miwili safari ilikuwa ileile. Mpaka Mlandizi, kwenye foleni na malori, gari limetulia kabisa. Nikishapita Chalinze barabara ikafunguka, mshale wa spidi ukifika kilomita 85 kwa saa usukani unaanza kutetemeka. Kwenye 95 viganja vinakufa ganzi. Nikifika 110 mtetemo unapungua, na hilo ndilo lililonichanganya, maana nilijua kitu kikilegea kinazidi kugonga kadiri unavyokimbia.

Gari ni Toyota Premio, matairi 195/65 R15, kashata, yaani mikato ya tairi inayoshika barabara, bado nzuri. Fundi wangu wa mtaani alisema ni tai rodi endi, viungo vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Nikanunua mbili, zikafungwa, mtetemo ukabaki palepale. Akahamia kwenye shokomzoba za mbele. Hapo nikakataa, nikampigia mdogo wangu aliyewahi kufanya kazi ya matairi. Akaniuliza swali moja: "Dada, pancha uliziba lini?"

Nilikuwa nimeziba tairi la mbele kushoto, kando ya barabara. Kijana alilibandua kwenye rimu kwa vyuma na nyundo, akaziba, akalirudisha vyovyote lilivyokaa. Safari iliyofuata ndiyo usukani ulipoanza.

Nikaenda gereji moja ya matairi Kinondoni, nikaomba wabalansi yote manne, yaani wasawazishe uzito wa kila gurudumu, na nisimame nitazame. Fundi alianza kwa kung'oa risasi zote za zamani, vile vipande vya uzito vinavyowekwa kwenye rimu, na kukwangua tope lililoganda ndani ya rimu. Hili nawasifu nalo, kwa sababu tope lenyewe ni uzito, na mashine ingelihesabu kama sehemu ya gurudumu. Kisha akafunga gurudumu kwenye mashine, akapima rimu, akaizungusha. Lile la pancha likasoma gramu 15 ndani na 30 nje. Pale ilipokuwa risasi ya nje palibaki alama tu, ilishadondoka.

Gramu 30 ni kitu cha kuweka kiganjani ukasahau. Lakini gurudumu la saizi hii, gari likiwa kwenye 100, linazunguka kama mara 14 kwa sekunde, na gramu hizo kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15 zinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4 na nusu, juu, chini, mbele, nyuma, bila kupumzika. Kwenye 50 nguvu hiyo ni robo tu, ndiyo maana mjini husikii kitu. Na ile 95? Fundi alinieleza vizuri: springi na vyuma vya mbele vina mwendo wao wa kucheza, na mapigo ya gurudumu yakikutana nao yanakuzana, kama bembea unayoisukuma kwa wakati wake. Ukipita spidi hiyo hayakutani tena.

Nilijifunza pia kutofautisha. Mtetemo ukiwa kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu, tazama ya nyuma. Gari likivuta upande mmoja, au tairi likiliwa ukingo mmoja, hiyo ni kazi ya alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, na wili balansi haitaiponya. Watu wengi wanalipia moja wakidhani wamepata zote mbili.

Baada ya kuweka risasi mpya alizungusha tena mpaka ikasoma sifuri pande zote. Usikubali kuondoka bila mzunguko huo wa pili. Gurudumu la nyuma kulia lilisoma sifuri lakini rimu ilionekana ikiyumba kwa macho, imepinda. Aliniambia wazi kuwa risasi hazinyooshi rimu, akanielekeza nikainyooshe kwanza. Angeweza kunyamaza akachukua hela.

Nisichokipenda ni kufunga nati kwa mashine ya upepo mpaka mwisho. Niliomba azilegeze akaze kwa spana ya mkono, kwa kupishanisha, akafanya bila kununa. Nililipa shilingi 20,000 kwa yote manne.

Jumamosi ile nilipita Ubena Zomozi kwenye 95 nikiwa nimeshika usukani kwa vidole tu. Umetulia. Sasa nabalansi kila tairi linapotolewa kwenye rimu, kila ninapofunga jipya, na nikiingia shimo la kugonga mpaka rimu. Yasipotokea hayo, kila kilomita 10,000 hivi.

Tai rodi endi za zamani bado ninazo kwenye buti. Mdogo wangu alizishika, akazitikisa. Hazina mchezo hata kidogo.