Uzoefu wangu na Mobil 1 FS 0W-40 kwenye magari ya Ulaya, Mwanza

Oili hii ya injini naitumia kwenye VW yenye injini ya 2.0 TSI na Mercedes yenye injini ya M271. Nimeshikamana nayo kwa sababu ya maandishi madogo nyuma ya kopo: VW 502 00/505 00, MB 229.5, Porsche A40. Hivyo ni vibali vya watengeneza magari. Neno "sintetiki" pale mbele halitoshi kabisa, na muuzaji kusema "inafaa kwa VW" si sawa na VW kuiidhinisha.

Mafundi wengi wa hapa wanaikataa 0W. Wanasema ni maji, joto la Mwanza litaimaliza, weka 20W-50. Si kweli. Namba yenye W inahusu injini ikiwa baridi. Uzito wa oili ikifika nyuzi 100 unaelezwa na ile 40, na hapo 0W-40 iko daraja moja na 5W-40. Kwenye TSI jambo hili ni kubwa, maana tensheni (kifaa kinachoikaza cheni ya injini) inasukumwa na presha ya oili. Oili nzito huchelewa kufika asubuhi unapowasha. Lakini ukishasikia mkwaruzo wa sekunde mbili tatu upande wa cheni kila ukiwasha, tensheni imechoka na hakuna oili itakayoiponya. Ibadilishe kabla cheni haijaruka meno na valvu kugonga pistoni.

Kosa la pili ni ujazo. Tumezoea kopo la lita 4 la Toyota. TSI hii inachukua lita 4.6, M271 lita 5.5, na BMW yenye injini ya N52 lita 6.5. Hiyo N52 haina hata kijiti cha kupimia, kipimo kinasomwa kwenye dashibodi injini ikiwa ya moto. Fundi akimimina kopo moja akafunga boneti, umeondoka na upungufu wa lita mbili na nusu.

Bolti ya kumwagia oili, kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya TSI, naikaza Nm 30 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa spana ya toki, na naweka washa (pete ya bolti) mpya kila mara. Kwenye filta ya kifuniko cha plastiki, kama ya M271, badilisha pete zote za mpira, uzipake oili kwanza, kisha kaza Nm 25. Ukizidisha, kifuniko kinapasuka.

Ratiba ya kilomita 15,000 siifuati. Kwa vumbi na foleni za Igoma namwaga kwenye 7,000. TSI inakula oili, na VW wenyewe wanakubali hadi nusu lita kwa kilomita 1,000, kwa hiyo pima kila ukifikisha elfu. Ukiishiwa njiani, ongeza yoyote yenye 502 00, haitadhuru. Ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usiiguse.

Wenye BMW ya petroli, tafuteni kibali cha BMW kiitwacho LL-01. Kile cha LL-04, BMW imekiruhusu kwa petroli ndani ya Ulaya tu.

Bei ya Mobil 1 ni kubwa, na feki zipo. Nakagua pete ya kifuniko kama haijakatika, na namba ya toleo kwenye kopo isiwe imefutwa.