Sanamu za daikasti na rangi zao: nimezipanga kuanzia ya kununua hadi ya kuikimbia

Ukiinua sanamu ya daikasti, yaani mdoli wa roboti au shujaa mwenye sehemu za metali iliyomiminwa kwenye kalibu, kwa mara ya kwanza, mkono unakudanganya. Uzito ule na ubaridi ule kwenye kiganja vinakuambia umeshika kitu cha kudumu. Kwa umbo lenyewe ni kweli. Kwa rangi, mara nyingi ni kinyume: sanamu ya plastiki inaweza kukaa miaka bila kovu, huku ya metali ikichubuka siku ileile unapoikunja kiwiko ili ionekane inapiga ngumi.

Mimi nilifunzwa na roboti mwekundu wa sentimita 30 hivi. Nilimtoa kwenye boksi, nikamsimamisha mezani, nikamkunja mkono wa kulia mara mbili tatu. Chini yake kulikuwa na unga mwekundu, kiduchu tu, ungeweza kuupuliza kwa pumzi. Nikaunyoosha mkono na kuusogeza karibu na taa: mstari wa kijivu, mwembamba kama uzi, umezunguka kiwiko kizima. Muuzaji alinijibu kwamba hiyo ni hali ya kawaida kwa bidhaa za aina hiyo. Nilikasirika, kisha baada ya kununua nyingine kadhaa nikakubali kwamba hakunidanganya. Tangu hapo sianzi na jina la kampuni wala uzuri wa picha. Swali langu la kwanza ni hili: sanamu inaposogea, rangi yake inasuguana na nini?

Kwa nini metali haipendani na rangi

Tunaiita chuma kwa mazoea, lakini sogeza sumaku uone: haishiki, isipokuwa pale palipo na skrubu au pini ya chuma. Daikasti nyingi za sanamu ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu. Familia inayojulikana zaidi ni Zamak, iliyotoka kwenye kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929, na jina lake limeundwa kwa herufi za Kijerumani za zinki, alumini, magnesi na shaba. Alumini ndani yake ni karibu asilimia 4. Inayeyuka kwenye nyuzi 380 hivi za Selsiasi, joto dogo kwa metali, ndiyo maana inaingia hadi kwenye vidole na mikunjo ya deraya. Kwa ujazo uleule ina uzito kama mara sita wa plastiki ya ABS.

Ugumu uko kwenye uso wake. Rangi yenye tina huuma kidogo uso wa plastiki na kushikana nao. Juu ya zinki rangi inalala tu, haina pa kung'ang'ania, mpaka kiwanda kioshe mafuta ya kalibu, kiutibu uso kwa kemikali, kisha kipake praima, rangi ya kwanza ya kushikisha. Mwenye haraka huruka hatua moja, na wewe huwezi kujua mpaka rangi ianze kubanduka kwa vipande kama gamba. Halafu kuna jambo lingine rahisi ambalo watu hulisahau: plastiki nyekundu ni nyekundu hadi ndani, kwa hiyo ukiikwaruza bado unakuta wekundu. Metali ukiikwaruza unakutana na kijivu.

1. Metali ndani, plastiki nje

Hizi ndizo ninazompendekezea mtu yeyote anayetaka kuikunja na kuikunjua sanamu yake. Metali imefichwa kwenye mifupa, kwenye maungio na kwenye nyayo, na ganda la nje ni plastiki. Mfano mzuri ni mfululizo wa DLX wa kampuni ya threezero, na mfululizo wa Metal Build wa kampuni ya Bandai ya Japani ulioanza mwaka 2011 unafuata njia hiyohiyo kwa sehemu kubwa. Uzito unakaa chini na katikati, kwa hiyo sanamu inasimama vizuri. Msuguano mkali unatokea kwenye mifupa, mahali ambapo hata rangi ikitoka hakuna anayepaona.

Wapenda uzito watakwambia huo ni udanganyifu, kwamba umelipia daikasti ukapewa plastiki. Wana hoja ikiwa raha yako ni kuishika mkononi. Mimi raha yangu ni kuiona ikiwa bado na rangi yake baada ya miaka mitano, na kwa hilo kundi hili halina mpinzani. Sehemu ya kukagua ni nyonga, pale ambapo sketi ya deraya hugonga paja mguu ukiinuliwa.

2. Metali ya kuchovya

Saint Cloth Myth za Bandai, sanamu za mashujaa wa katuni ya Saint Seiya zinazotoka tangu mwaka 2003, ndizo kila mtu anazozikumbuka hapa: mwili wa plastiki, na vipande vya deraya ambavyo vingi ni metali unayoivalisha kimoja kimoja. Vipande vilivyochovywa kwa umeme, yaani vilivyofunikwa tabaka jembamba la metali nyingine, vimeshikana na tabaka lao kuliko rangi yoyote ya kupuliza. Vinang'aa na havipauki kwa mwanga kama rangi nyekundu au ya njano.

Adui yao ni vidole. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole isiyofutwa huwa doa, kisha doa huwa kishimo chenye unga mweupe. Vaa glavu za pamba au za nitrili. Adui wa pili ni mikono isiyotulia: kila ukivua na kuvalisha deraya, ukingo wa metali unapita juu ya mwili wa plastiki na kuuchora. Ivalishe mara moja, taratibu, kisha iache. Na uulize kabla ya kununua kipande kipi kimechovywa na kipi kimepakwa rangi ya dhahabu tu, maana kwenye picha vinafanana kabisa.

3. Metali nje, rangi ya tabaka juu yake

Hapa ndipo penye uzuri wa kukufanya usahau akili. Deraya nyekundu za sanamu za kampuni ya Hot Toys za kipimo cha 1/6 (moja ya sita ya ukubwa halisi), kwa mfano, zina kina ambacho rangi moja tupu haiwezi kukitoa. Mbinu yenyewe ni ya magari: fedha chini, nyekundu inayopenya mwanga katikati, vanishi juu. Mwanga unaingia, unagonga fedha, unarudi na wekundu.

Uzuri huohuo ndio mtego. Ikichubuka huwezi kuiziba, kwa sababu hakuna chupa moja ya rangi inayolingana na tabaka tatu. Nimejaribu. Kutoka mbali ilipita. Kwa karibu ilikuwa kama kiraka cha suruali. Kwa hiyo inunue kama unajua utaipa mkao mmoja na kuuacha. Ukiikunja, vuta kwanza deraya ya bega nje kama inavutika, kunja polepole, na simama ukisikia mkwaruzo. Sauti ile ya metali kwa metali ndiyo rangi yako inaondoka.

4. Plastiki yenye kroma, iliyochanganywa na metali

Watu wengi wanaidhania kuwa ni metali ya kuchovya. Siyo. Alumini imegeuzwa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa na kutua juu ya plastiki, tabaka jembamba lisilofika hata mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), halafu likafunikwa kwa vanishi. Vanishi ikiisha kwa kusuguliwa, kroma nayo inaondoka kwa kitambaa kikavu tu. Spiriti usiisogeze kabisa. Kama sanamu unayoitaka ina kroma kifuani au usoni, mahali pasiposhikwa, hakuna neno. Kama kroma iko kwenye mikono au kwenye silaha inayochomekwa kiganjani, mimi ningepita.

5. Za zamani

Neno Chogokin lilianza kupachikwa kwenye midoli ya daikasti mwaka 1974, kampuni ya Popy ya Japani ilipotoa roboti wa katuni Mazinger Z. Bandai ilirudisha moto huo mwaka 1997 kwa Soul of Chogokin. Za miaka ya 70 zina mvuto wake, na rangi iliyochubuka kwenye ncha za miguu ni sehemu ya umri wake. Usiipake upya, utaishusha thamani.

Cha kuogopa ni ugonjwa wa zinki. Risasi au bati ikiingia kwenye aloi hata kwa kiasi kidogo sana, metali huoza kutoka ndani: inavimba, inapasuka nyufa kama udongo mkavu, mwishoe inamenyeka. Rangi inaweza kuwa nzima juu yake huku ndani kumeshaharibika. Hauna dawa. Ugonjwa huu umetawala zaidi kwenye midoli ya kabla ya katikati ya karne iliyopita, lakini aloi chafu inaweza kutokea zama zozote. Omba picha ya karibu ya nyayo na ya mgongo. Ukiona mstari wa ufa usiofuata maungio, au vibonge chini ya rangi, acha.

6. Za kuigiza

Hizi ni nakala bandia. Aloi yake huijui, praima yake huijui, na rangi imepakwa nzito mpaka macho ya sanamu yamezibwa. Ikimbie.

Kabla ya kulipa

Muuzaji akikutumia picha za sanamu ikiwa imenyooka wima, mwombe nyingine viwiko na magoti yakiwa yamekunjwa. Hapo ndipo ukweli ulipo. Kama unaishika mwenyewe, igeuze taratibu chini ya taa moja ukitazama kwa ubavu; chembe za vumbi zilizonaswa chini ya vanishi na kingo zilizobaki bila rangi zitajitokeza. Kingo kali ndizo hushika rangi nyembamba kuliko kwingine kote, na ndizo huchubuka kwanza.

Angalia pia betri. Sanamu nyingi zina taa za macho au kifua. Betri ya alkali ikivuja, majimaji yake hula zinki na rangi kwa pamoja. Kwa iliyokwisha tumika, omba kifuniko cha betri kifunguliwe.

Ikishafika nyumbani

Toa betri. Toa pia ile nailoni na povu vilivyobana sanamu. Nilishawahi kuiacha moja ndani ya boksi miaka miwili nikidhani naitunza; nilipoitoa, povu lilikuwa limechapa vinyweleo vyake kwenye vanishi ya paja, doa la ukungu lisilofutika. Plastiki laini ya PVC ni mbaya zaidi, kwa sababu mafuta yaliyomo ndani yake huhamia kwenye rangi na kuifanya inate. Ukitaka kuifunga kwa muda mrefu, tumia karatasi isiyo na asidi au karatasi laini ya plastiki aina ya polietilini. Kishikio cha kiunoni cha stendi nacho kifungie kipande cha polietilini hiyo kabla hakijaibana sanamu.

Jua la dirishani litaipausha nyekundu na njano, na litaifanya plastiki nyeupe kuwa ya njano. Kabati la kioo lenye taa ya LED linatosha. Kabati la mbao mbichi ya mwaloni silipendi: mbao hiyo hutoa mvuke wa asidi unaodhuru zinki. Unyevunyevu ukae kati ya asilimia 40 na 55, na pakiti za silika, zile za kunyonya unyevu, husaidia ukikumbuka kuzibadilisha.

Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi, mpya, isiyowahi kutumika. Brashi kwanza, kitambaa baadaye, maana kitambaa juu ya vumbi ni msasa. Alama za vidole zifute kwa kitambaa laini chenye maji yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo, kisha kausha papo hapo, hasa kwenye mifereji ya skrubu. Asetoni, tina na kiondoa rangi ya kucha visikae hata meza moja na sanamu. Sifongo nyeupe ya melamini inayosifiwa kwa kufuta madoa ukutani nayo ni msasa mwingine.

Kiungo kinacholia kitie grisi ya silikoni, tone la ncha ya kijiti cha meno, na ukifute kinachotoka nje. Kwa mchubuko mdogo kwenye rangi tupu isiyo ya tabaka, osha sehemu hiyo, tia praima ya metali kwa kijiti hichohicho, subiri siku nzima, kisha rangi ya akriliki kwa vitone, siyo kwa kuburuza. Jaribu kwanza chini ya unyayo. Roboti wangu mwekundu nilimtengeneza kiwiko namna hiyo mara tatu, na kila nilipomkunja mstari ulirudi palepale. Sasa anasimama mikono chini.